Sindano za Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa na mama mkwe aliyezungumza naye kwa kupitia mtu. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ni heshima tu, iliyopita kipimo. Mama huyo, mwalimu mstaafu, akitaka chumvi alimgeukia bintiye, "Mwambie mwenzio anisogezee chumvi," na mwenzio yuko pale pale, kibakuli cha chumvi mbele yake.

Kisha mama akapatwa na saratani, akahamia kwa kinyozi na mkewe ili atibiwe. Dawa za awamu ya kwanza zikamshushia chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, hata awamu ya pili ikasogezwa mbele. Alipoipata hatimaye, muuguzi akawapa na sindano za kuziinua chembe hizo: moja kila siku, kuanzia kesho yake, si kabla. Zikae kwenye friji bila kuganda, zitolewe mapema kidogo ubaridi upungue. Binti akafundishwa kuchoma, akaitikia kila neno.

Jioni ya kesho yake akaifunua sindano, akaiona ncha, akamkabidhi mumewe na kuketi sakafuni.

"Mama," kinyozi akasema huku macho yake yakiwa ukutani, "nikuchome mimi?"

Tumboni, alikoonyeshwa binti, asingethubutu. Bahati nzuri muuguzi alisema hata nyuma ya mkono panafaa, mradi achome mtu mwingine. Mama akafikiri, akapandisha mkono wa gauni.

Kinyozi akanawa, akapangusa ngozi, akangoja ikauke, akaifinya kidogo, akachoma na kuisukuma dawa taratibu. Shingo za watu na wembe alivizoea, ila siku hiyo jasho lilimchuruzika mpaka mgongoni.

"Umemaliza?" mama akauliza. Alimuuliza yeye mwenyewe.

"Nimemaliza, mama."

"Sasa mbona unaloa jasho wewe, na niliyechomwa ni mimi?"

Binti akaanza kucheka pale pale chini, wote wakamfuata.

Baada ya siku chache nyonga na mgongo vikamuuma mama vibaya. Kinyozi akampigia muuguzi, ambaye aliuliza kwanza kama kuna homa. Hapakuwa na homa. Basi ni uboho, muuguzi akaeleza, uko ndani ya mifupa unatengeneza chembe mpya; apewe ile dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Mama akaomba mto, akasema kama ni kazi, acha ifanyike. Maumivu yalipotulia akajiona mzima, akataka kuziacha sindano zilizobaki. Kinyozi akagoma, kwa adabu zote, mpaka muuguzi aseme.

Vipimo vikatoka: chembe zimepanda, matibabu yanaendelea. Muuguzi akampongeza binti kwa uchomaji mzuri.

"Anayenichoma ni mwanangu huyu," mama akamrekebisha, akimshika kinyozi bega.

Wakarudi kwa miguu, mama katikati. Alianza kumsimulia kinyozi habari za ujana wake tangu geti la hospitali, na walipofika nyumbani bado hajaolewa. Kinyozi hakupata hata nafasi ya kuitikia, na alifurahi mno.