Maumbo Kumi na Sita

Baba yangu alikuwa mpiga ramli, nami nikisoma uchumi. Ukitaka kujua aibu ni kitu gani, yaweke mambo hayo mawili katika nyumba moja ya Mji wa Kale, yenye mlango wa mbele kwa wageni wa heshima, na wa nyuma, wa kichochoroni, kwa akina mama wenye buibui waliokuja alasiri kutizamiwa waume zao. Nilikuwa nimeazimia kufaulu mtihani, nipate kazi ya ofisini, mahali ambapo hakuna atakayeuliza mimi ni mtoto wa nani.

Darasani tulifika kwenye uwezekano, ile hesabu ya mambo ambayo hayajulikani yatakuwaje. Mwalimu, Mzungu mwembamba asiyejua mzaha, alirusha shilingi hewani: kichwa au simba. Akauliza, nikiirusha mara nne, matokeo yaweza kupangika kwa namna ngapi? Wenzangu wakainamia karatasi. Mimi na kiherehere changu nikajibu, "Kumi na sita." Akaniita ubaoni niyaoneshe yote.

Mkono ulitangulia akili. Badala ya kichwa nikaweka nukta moja, badala ya simba nukta mbili, mistari minne kila umbo, upesi upesi, kama nilivyomwona baba akiyachora mchangani tangu utotoni.

"Si ramli hiyo jamani?" akapiga kelele kijana mmoja, mtoto wa mwenye duka wa Ndia Kuu. "Babake ni mpiga ramli! Hata mamangu..." Akajiziba mdomo, amechelewa. Darasa zima likaangua kicheko, na sijui ni nani kati yetu wawili aliyeungua uso zaidi.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza umbo lolote moja lina nafasi gani ya kutokea. Nikaandika moja juu ya kumi na sita. Na aliyetokewa na umbo baya leo, kesho nafasi yake itabadilika? Hapo nikauona upenyo wa kutorokea.

"Haibadiliki," nikasema kwa sauti, ili wote wajue mimi si wa kule. "Mchanga haukumbuki."

Wakacheka tena, safari hii pamoja nami, na nasema kweli, niliona raha.

Baada ya siku hiyo mamake yule kijana wa Ndia Kuu hakuonekana tena mlango wa nyuma. Wenzake nao wakapungua. Baba akaendelea kuandaa mchanga wake kila alasiri, nami nikajipa moyo kwamba hajui chanzo.

Asubuhi ya mtihani niliiacha chai yangu mezani. Nilimkuta baba ameketi mbele ya sinia lake la mchanga, hana mteja.

"Ndoo uketi, mwanangu. Nikutizamie?"

Nilikuwa na kila sababu ya kukataa.

"Nitizamie, baba."

Akatoboatoboa mchanga kwa kidole bila kuhesabu, mistari minne, kisha akafuta vitobo viwili viwili na kutazama kila mstari umesaliwa na nini. Mbili. Mbili. Mbili. Moja. Nililijua kabla hajainua kidole: umbo la huzuni. Nikaliogopa. Mimi huyu, niliyesimama ubaoni na chaki mkononi.

"Rudia, baba," nikasema.

Ramli hairudiwi kwa jambo lile lile. Hilo lilikuwa sharti la baba, na sikuwahi kumwona mteja akirudiwa, hata alie. Baba aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Mchanga haukumbuki," alisema polepole. "Si ndivyo usemavyo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akausawazisha mchanga kwa kiganja, akaanza kutoboa upya, na mimi, nimeinamisha uso kwa haya, nikawa nahesabu vitobo.