Pole Aliyopeleka Maimuna

Maimuna anauza vitenge Mtaa wa Msimbazi, na ukimkera atakutajia makosa ya ukoo wako mzima. Lakini jirani yake Nimal, Mbudha kutoka Sri Lanka mwenye duka la taa, Maimuna hakutaka mtu amseme vibaya. "Dini yao haiui hata sisimizi," Maimuna alikuwa akitutambia sisi majirani. Na kweli, Nimal akiona mende alimfagia taratibu hadi barabarani, sisi tukibaki kumcheka. Ijumaa Maimuna akienda kuswali, alimwachia duka wazi. Ummy, bintiye Maimuna, alipoolewa, Nimal ndiye aliyefunga taa uani kote.

Mwaka 2018, Nimal aliweka WhatsApp picha ya duka la vitambaa likiungua, na maneno ya kwao ambayo hatukuweza kuyasoma. Maimuna akashika kichwa. Kwetu Kariakoo duka likiungua ni msiba, na msibani hakuna kuuliza, mtu anakwenda. Akapika vitumbua, akaniburuza mimi Candida, tukampe pole.

"Pole sana, kaka Nimal. Tumeuona moto. Ndugu zako wamesalimika?"

Nimal akacheka, kwa upole wake uleule. "Si ndugu zangu, Mama Ummy. Hilo duka la Waislamu. Kule wamezidi. Hata watawa wetu wamesema wafundishwe adabu."

Maimuna alibaki na sahani mkononi. Nimal akaona ameharibu, akaharakisha: "Lakini wewe siyo kama wale. Wewe dada yangu."

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumwambia amani ya dini yake inawahusu mende tu. Nikameza, maana sisi Wakristo tunatakiana amani kila Jumapili, na tunajua yaliyowahi kutendwa kwa jina letu. Budha wa watu pengine alihubiri vizuri tu. Ujinga ulikuwa wetu, kumwona Nimal mtakatifu kwa sababu ya dini yake, kana kwamba dini ingemfanyia kazi ya kuwa mwema. Hata hivyo iliniuma, sikufichi.

Maimuna hakutukana, na hilo ndilo lililonitisha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi ningezaliwa kwenu, siku ile ungenizimia moto, au ungenipiga picha?"

Nimal akainamisha macho. Maimuna akamsubiri. Nilimwona anavyomsubiri ajibu chochote, hata uongo.