Mpira Uliosahaulika Mkononi

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wa udaktari hapa Machakos kuweka dripu. Ni kazi ninayopenda kuieleza, kwa hiyo nivumilie kidogo. Unafunga mpira juu ya kiwiko ili mshipa ujae na uonekane. Unaingiza sindano, damu inarudi kidogo, unafungua mpira, ndipo unaunganisha maji. Ukisahau kuufungua, damu inaingia mkononi lakini inashindwa kutoka, na mkono unavimba.

Mkono wetu wa plastiki wa mazoezi ulipochanika, tulipata programu ya simu. Mwanafunzi anachagua mshipa kwenye kioo, kisha anaelekeza sindano kwa kidole. Akipatia, alama ya kijani inawaka. Niliijaribu mimi kwanza, nikaona jambo moja: sindano ikishaingia, mpira unatoweka wenyewe. Nikajiambia nitawatajia darasani. Sikuwatajia. Walikuwa wakishindana na kutaniana, nami nilifurahi kuona hata waoga wakithubutu.

Msichana mmoja alikuwa mwoga kuliko wote. Nilimtia moyo wiki nzima. Alipopata kijani mara kumi mfululizo, nilitia sahihi kwenye kitabu chake cha mafunzo bila kumsimamia kwa mgonjwa hata mmoja, ingawa kanuni inataka asimamiwe kwanza. "Umeiva sasa," nilimwambia. "Nenda wodini."

Kesho yake asubuhi sista wa wodi alinipigia simu. Mgonjwa alikuwa bibi mkulima kutoka Mumbuni, aliyeletwa kwa kuhara hadi akaishiwa maji. Nilimkuta ameketi kitandani, mkono wa kushoto umevimba na kuwa wa zambarau. Mpira ulikuwa umefichwa na sweta, ukakaa hapo karibu saa nzima kabla sista hajauona na kuufungua.

"Susu, mbona hukuita mtu?" sista alimuuliza, akimwita kama tunavyowaita nyanya zetu kwa Kikamba.

"Niliona ni dawa inafanya kazi. Na huyo daktari ni mpole, sikutaka kumsumbua."

"Mpole kweli. Amekufunga kama gunia la mahindi."

Susu alicheka. Msichana, aliyesimama karibu na dirisha, hakucheka. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwa simu mpira unatoka wenyewe."

Nilijua. Nilijua kabla yake.

Mkuu wa idara alifika, akamwamuru msichana aandike barua ya kujieleza, akasema huenda akarudia mafunzo yote ya wodi. Kisha akaniuliza kama nilimsimamia kabla ya kutia sahihi. Nilisema alifanya vizuri sana kwenye mazoezi. Hilo halikuwa jibu, na msichana alilijua. Angeweza kunitaja hapo hapo. Aliinama akatafuta kalamu.

Kufikia adhuhuri vidole vya susu vilikuwa vinakunjika tena. Nikavuta kiti, nikamweleza yote polepole, kama ninavyoeleza darasani: programu, mpira, sahihi yangu.

"Lakini wewe hukuwa hapa," alisema, kana kwamba ananitetea.

"Ndiyo, susu. Nilipaswa kuwa hapa."

"Na huyo msichana, amefukuzwa?"

"Bado. Lakini anaweza kurudishwa nyuma."

"Basi unaniambia mimi ya nini? Ni mimi niko na hiyo kazi ya kumrudisha?"

Nilikuwa nimemchagua yeye kwa sababu nilijua atanisamehe.

Niliondoka hapo nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa idara. Alikuwa akiisoma barua ya msichana. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye mwandiko safi, na kutoka pale mlangoni sikuweza kuisoma. Nikamwuliza kama imetaja programu ya simu, au mimi.

"Hapana," alisema. "Anasema alisahau tu."

Nikamwomba aiweke chini kwanza, anisikilize mimi.