Nilimsomea Yasini Mtu Asiyekufa

Kijana wangu wa mwisho alikuwa anavuta busti, ule unga uliotuharibia watoto wengi Buyenzi. Nasema wazi, maana mtaa mzima ulijua kabla yangu. Alikuwa fundi wa dinamo, mikono yake mizuri kuliko yangu. Kaka zake wakakaa, wakakata neno: atoke nyumbani. Walikuwa wananingoja mimi tu, na mimi nilikuwa karibu kukubali.

Jirani yangu muuza vipuri akaniambia kuna watu wanakutana Kinama, wazazi pamoja na wenyewe waliowahi kuvuta. Wanasaidiana, hata hospitali wanakwenda kwa kundi kudai dawa. Nikaenda. Goti langu la kushoto halipendi basi, lakini nikaenda.

Kufika naona mikeka uani, wanawake wamejitanda vitenge, mmoja analia, wengine wamemshika mabega. Innalillahi, nikasema, nimeangukia matanga. Na kwetu matangani mwanamume haingii walipo wanawake, anakaa nje na wenzake. Wenzangu sikuwaona, ila benchi lilikuwepo. Nikakaa. Nikaona si vizuri kukaa bure, nikaanza kumsomea marehemu Yasini. Naijua kwa moyo, alinifundisha mama watoto, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa na akili nyumbani, mimi nilikuwa na spana.

Nimefika katikati, mama mmoja mnene akatoka.

"Mzee, we unasomea nani?"

"Marehemu."

"Marehemu gani?"

"Jina sijaambiwa, mama. Poleni sana."

Akageuka, akapaza sauti: "Jamani, nani amekufa humu? Kuna mzee anamusomea!"

"Labda bwana yangu," mmoja akajibu, "tangu jana sijamuona!"

Wakacheka wote, hata yule aliyekuwa analia, na kamasi zake. Nikatamani kukimbia, goti likakataa. Yule mama akanishika mkono.

"Hapa apana matanga, baba. Hapa tunawapigania wasife. Mugonjwa ni mutoto, ama ni we mwenyewe?"

"Mutoto," nikasema, halafu nikalia, mzee mzima.

Wakaniingiza, wakanipa chai. Nikawauliza lile lililonipeleka: nimfukuze? Akajibu dereva mmoja niliyemkuta ndani, ambaye zamani alivuta mpaka akauza viatu vyake.

"Mi baba alinifukuza. Nikavuta zaidi, na apana mutu wa kuniuliza kama nimekula. Muache nyumbani, mzee. Kesho nitakuja."

Jioni nikawaambia wanangu neno lao nimelikataa. Mkubwa akasema, "Baba, na akituibia tena?" Nikamwambia avifungie vitu vyake kwa kufuli.

Dereva akaja kweli. Kijana akagoma kutoka chumbani. Yule bwana hakumhubiria. Alikaa chini mlangoni, akasimulia jinsi alivyokuwa akitetemeka alipoacha unga, mifupa ilivyomuuma, jinsi alivyomdanganya mama yake. Akasimulia mpaka chai ikapoa. Halafu nikasikia sauti kutoka ndani: "We kaka, hayo maumivu yalikwisha?"

"Yalipungua. Fungua nikueleze."

Akafungua.

Sasa anakunywa dawa, na kundi linamsindikiza hospitali. Aliteleza mara moja, sitaficha. Akaja mwenyewe kuniambia, nami nikampeleka Kinama, tukaketi wote mkekani. Dinamo ameanza tena, polepole. Usiku anakoroma vibaya sana, kaka zake wananung'unika asubuhi. Mimi nawaambia wamwache akorome.