Injini Iliyozibwa Pumzi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya serikali pale Singida, enzi za Mwingereza, Fundi Mkuu alinikabidhi beseni la mafuta ya taa na rundo la boliti. "Osha mpaka uone sura yako," akasema. Nikaosha wiki nzima. Mwaka wa tatu ndipo nilipoaminiwa kufunga ringi, zile pete za pistoni zinazozuia moshi wa mlipuko usishuke kwenye oili.

Lori la kwanza nililolifungia ringi peke yangu lilipangiwa njia ya Nduguti. Halikumaliza mwezi. Likarudi linavuja oili mbele na nyuma. Bwana Msimamizi, Mzungu aliyekuwa juu yetu sote, akalizunguka mara moja tu.

"Umevunja ringi. Kesho tunafungua injini. Nikikuta hata moja imevunjika, unarudi kwenu Ulemo."

Niliogopa, sifichi. Lakini pia nilikasirika, maana ringi zile nilizipima moja moja.

Nyie mafundi wa siku hizi bomba la pumzi hamlijui. Ringi hata ziwe nzima, moshi kidogo hupenya. Injini zetu zilivuta hewa safi kupitia kifuniko cha kujazia oili, chenye chujio la nyuzi za chuma, na kutoa moshi kwa bomba lililoning'inia chini ya gari. Gari likikimbia, upepo unaopita mdomoni mwa bomba huunyonya ule moshi. Ukiziba njia hizo, moshi hujaa ndani na kuisukuma oili itoke popote penye upenyo.

Nikaingia uvunguni. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa kitambaa na nta ya nyuki, kazi safi kabisa! Juu nako, chujio limejaa tope la vumbi na oili.

"Mkumbo, nani kaziba hapa?" nikamuuliza dereva.

"Mimi, ndugu yangu. Vumbi la Nduguti si unalijua? Nimeikinga injini."

Nikazibua, nikaosha chujio, nikafuta oili yote, nikamwomba Bwana Msimamizi apande mwenyewe. Tukaenda hadi ng'ambo ya ziwa Kindai na kurudi. Akalala chali chini ya lori na kaptula yake nyeupe. Hakukuta hata tone.

"Ringi zako nzima," akasema, mbele ya karakana yote! Fundi Mkuu akagonga pipa kwa spana, wenzangu wakashangilia, nami nikacheka kama mwehu. Nikamwombea Mkumbo msamaha, akabaki na usukani wake.

Nimestaafu nikiwa Fundi Mkuu. Injini nilizozifungua maishani siwezi kuzihesabu. Ninayojivunia ni ile ambayo haikufunguliwa.