Siku Nilipoitwa Bwana Mifugo

Nawaomba mcheke taratibu, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na watu wa Balangdalalu bado wananikumbusha kila tukikutana mnadani, na kibaya zaidi sina wa kumlaumu, nilijitakia mwenyewe.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na mimi nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi kule uwandani Hanang (kwetu ni Nambis, juu Mbulu kwenye baridi, ndiyo maana nilijiona nina akili kuliko watu wa joto). Kazi yangu haikuwa kupuliza filimbi tu. Nilitakiwa kukagua uwanja, kufukia mashimo ya fuko, na kutunza sanduku la huduma ya kwanza, lile la bati lenye msalaba mwekundu na kufuli. Sasa, miaka ile maduka ya dawa za mifugo yalikuwa yamefunguliwa kila senta, mtu hamngoji tena bwana mifugo wa serikali, ananunua dawa anamchoma ng'ombe mwenyewe, na mimi nilikuwa na ng'ombe wawili na watoto wadogo wanaochokonoa kila kitu, nikaona sanduku la shule lina kufuli, basi nikalipeleka nyumbani, nikatoa bandeji nikazitia kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, nikaweka dawa za ng'ombe wangu humo, nikasema ni wiki moja tu. Wiki ikawa muhula.

Mashindano ya kata yakafika, mwaka ule kwenye uwanja wetu wa shule. Tegemeo letu alikuwa Paulina wa darasa la sita, mbio ndefu, akishinda anaingia timu ya wilaya. Baba yake, mfugaji, alikuwa amekataa kabisa, mpaka nikaenda bomani kwake kumbembeleza. Akaniambia, "Mwalimu, nakupa akiwa mzima. Unirudishie akiwa mzima." Nikamjibu aondoe shaka, tuna sanduku la dawa. (Nililisema hilo kwa mdomo wangu huu huu.)

Asubuhi ya siku yenyewe nilikumbuka zile bandeji nikiwa njiani na baiskeli, sanduku likiwa nyuma kwenye keria. Kurudi ni kuchelewa, nikajipa moyo kwamba leo nani ataumia. Uwanjani nikaona shimo la fuko pale kwenye kona, nikasema nitalifukia nikimaliza chai, na chai ikaja na maandazi. Mgeni rasmi alipouliza kama huduma ya kwanza ipo, nililiinua sanduku juu kwa mikono miwili na watu wakanipigia makofi.

Paulina aliongoza mizunguko miwili. Wa tatu, mguu ukaingia kwenye shimo langu, akaanguka, goti likapasuka kwenye jiwe. Nikakimbia na sanduku kama daktari kweli, nikapiga magoti, nikafungua mbele ya mgeni rasmi, shule nzima na baba mtu. Ndani mlikuwa na bomba la sindano la kuchomea ng'ombe, dawa ya minyoo yenye picha ya fahali, na kopo la dawa ya bluu ya kupulizia vidonda vya mifugo.

Mwenye akili angefunga sanduku aombe maji. Mimi niliona haya kutoka mikono mitupu, nikachukua kopo nikalitikisa. Baba yake akanidaka mkono, nami katika kuvutana nikabonyeza, dawa yote ikanipata usoni na kwenye fulana nyeupe. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bwana mifugo amefika," na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mzee yule hakucheka. Alitazama dawa moja moja, na zote alizijua.

"Kumbe ng'ombe wako wana sanduku," akasema polepole. "Mtoto wangu hana."

Hadi leo nikikumbuka maneno yale nasikia vibaya. Akina mama walimwosha Paulina goti kwa maji ya kunywa, wakamfunga kwa kipande cha kanga, akapelekwa zahanati kwa pikipiki akashonwa. Timu ya wilaya alikwenda binti wa shule nyingine. Barua ya onyo niliipokea nikiwa bado na kidevu cha bluu, maana dawa ile haitoki kwa sabuni, nilifundisha nayo wiki nzima.

Ng'ombe wangu niliwatafutia ndoo yenye mfuniko ya kuwekea dawa zao, na tangu siku ile sinywi chai ya mashindano kabla sijauzunguka uwanja na jembe. Nilirudi bomani kuomba radhi, na mzee alinisamehe, ila kwa sharti. Ndiyo maana mwaka uliofuata, wenzake wakiwa tayari wamejipanga, Paulina alikuja kwanza kwangu.

"Shikamoo mwalimu. Baba amesema ufungue nione."

Nikafungua mbele ya watu wote. Akashika bandeji moja moja, akanusa chupa ya dawa, ndipo akaenda kwenye mstari.