Tundu la Nyaya

Kila nikipaka viatu siraji, harufu inanirudisha uani kwetu Butembo. Sauti ya mama ilikuwa inapasua bafle, zile spika za kanisa, basi baba akamtengenezea mashine ya kuishusha. Ndani ya kopo la siraji aliweka taa ndogo na jicho la kuhisi mwanga: mama akipaza, taa inawaka, sauti inashuka.

Lakini ilishuka hata akiimba polepole.

“Baba ya batoto, jua inaingia mu hii tundu ya nyaya,” mama akasema, akaliziba kwa kidole gumba. Sauti yake ikajaa ua wote.

Nami nikaweka kidole changu. Mwanga ukapita kando.

“Utakomea tu, kidole itakuwa kubwa,” akacheka.

Kopo ningali nalo. Kidole changu sasa kinaziba tundu lote, na nyumba iko kimya.